Tuta la Airisi huko Rågsved

Mwaka ambao sakitu ilishuka mapema katika milima ya Ukinga, Asteria Tweve alikuwa binti wa darasa la sita katika shule ya misheni, mwembamba, mwenye miguu mirefu na swali kwa kila jambo. Ulikuwa mwezi wa Juni. Watoto waliamka wakakuta uwanja wa shule umekuwa mweupe kwa umande ulioganda, nyasi zikivunjika chini ya nyayo zao, na huko bondeni mashamba ya viazi ya majirani yamelala chini, majani yamekuwa meusi na kunywea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Shamba la baba yake Asteria pekee ndilo lililosimama.

Mzee Tweve hakuwa na dawa yoyote. Jioni iliyotangulia, alipoona anga limetakata na upepo umekufa, aliwatoa watoto wake wote nje, wakubwa kwa wadogo, akawagawia majembe, nao wakapandishia udongo juu ya viazi vilivyokuwa vimechipua juzijuzi tu, mpaka hapakuonekana jani. "Laleni, wala asitoe mtu kichwa," aliviambia viazi vyake huku akiupigapiga udongo kwa kiganja, na watoto wakacheka. Asubuhi hakuna aliyecheka. Majirani walikuja wakasimama ukingoni mwa shamba, mikono nyuma, wakatazama jinsi baba na wanawe walivyokuwa wakifukua machipukizi mabichi kabisa kutoka ardhini.

Binti aliyeyaona hayo hakuyasahau. Somo aliloondoka nalo siku ile lilikuwa fupi: ukitaka mmea usalimike na baridi, ufukie. Lilikuwa somo zuri, na kwa viazi lilikuwa la kweli. Lakini lilikuja kumgharimu Asteria misimu mingi ya machipuko, katika nchi ya mbali, kwa sababu mmea alioufukia huko haukuwa kiazi.

Alifika Stockholm akiwa bado msichana, kwa masomo ya uuguzi, na kama wengi wa wenzake alikusudia kukaa mpaka apate cheti. Akapata cheti, akapata kazi, akapata mume, Januari, fundi mitambo kutoka Bukoba, wakapata mtoto wao Deo, na hivyo miaka ikajipanga yenyewe bila kumwuliza. Aliwauguza wazee wa Kisweden mpaka naye akaitwa mzee. Januari alitangulia mbele ya haki. Deo akahamia mji mwingine kikazi, na kila Jumapili jioni humpigia simu mama yake. Mama huuliza kwa Kiswahili, mwana hujibu kwa Kisweden, na wote wawili huelewana vizuri sana.

Nyumba ya Asteria iko Rågsved, na si mbali na hapo, ng'ambo ya reli, zipo bustani ndogondogo za kukodi ambazo Wasweden huziita koloni: kila moja na kijibanda chake, kijia chake cha changarawe na uzio mfupi wa michongoma. Akina mama wa kwaya ya Kiswahili walikodi kiwanja kimoja kwa pamoja. Walikuwemo Watanzania, Wakongo, Warundi na Mkenya mmoja au wawili, na kila mmoja alileta mbegu ya kwao. Wakalima maharage, maboga, sukuma wiki na lengalenga, ule mchicha mtamu ambao Wakongo hawawezi kuukosa mezani. Katikati ya kiwanja palikuwa na tuta moja lililopata jua tangu asubuhi hadi jioni. Hilo ndilo Asteria aliloliomba.

"Nataka kupanda maua ya airisi," aliwaambia wenzake. "Za rangi ya divai na za rangi ya moto. Kwa ajili ya madhabahu siku ya Pentekoste."

Wenzake hawakuelewa mara moja, naye akawaeleza kwa utulivu, kama alivyozoea kumweleza mgonjwa. Kwaya na ushirika wao ulikuwa ukisali katika kanisa la wenyeji kwa miaka mingi. Ukumbi ulikuwa wa kuazima, kinanda cha kuazima, vikombe vya chai ya baada ya ibada vya kuazima. Mara moja kwa mwaka, siku ya Pentekoste, wageni na wenyeji walisali pamoja, na hata maua ya siku hiyo wenyeji ndio walioyanunua dukani. "Hawajatunyima kitu," alisema Asteria. "Lakini nami nataka siku moja tuingie mle ndani tumeshika kitu cha mikono yetu."

Wakampa tuta. Aliyekuwa wa mwisho kuinua mkono alikuwa Adrienne, mama wa Kikongo mwenye duka la vitenge huko Tensta, mwanamke wa sauti ya kwanza kanisani na ya kwanza katika kila mjadala. Watu walimwita Mama Shalom, kwa jina la binti yake.

"Mi niko nauliza tu, Mama Deo," alisema. "Ile maua, tutaipika na nini?"

Machipuko ya kwanza, majani ya airisi yalitokeza kama panga ndogo za kijani. Asteria alifurahi, na kwa kuwa usiku bado ulikuwa na baridi, alichukua jembe akapandishia udongo. Majani yakazidi, maua hayakutoka. Mwaka uliofuata alipandishia zaidi. Mwaka wa tatu tuta lilikuwa limeinuka kama kaburi la mtu mkubwa, na Mama Shalom, kila alipopita na kikapu chake, aliinamisha kichwa na kufanya ishara ya msalaba.

"Tumwombee marehemu," alisema.

"Pita, Mama Shalom, pita. Mboga zako zinakungoja."

"Ile majani ingekuwa lengalenga, tungekuwa tumeshiba mara mia!"

Vuli ya mwaka ule Asteria alichimba aone kuna nini, akakuta baadhi ya matunguu, yale mashina ya chini yaliyovimba kama tangawizi, yameoza na kulainika kama sabuni iliyosahaulika majini. Alisimama hapo ameyashika mkononi. Ng'ambo ya uzio alikuwa jirani yake, Axel, dereva wa treni aliyestaafu, mzee mrefu asiye na maneno, ambaye airisi zake zilichanua kila mwaka bila kukosa. Kwa misimu yote ile walikuwa wamesalimiana, wamezungumza habari za mvua, na basi. Siku ile Asteria alisogea uzioni.

"Axel, kwa nini maua yangu hayatoki?"

Axel alilitazama tuta, akatazama viatu vyake. "Umeyazika," alisema.

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza."

Asteria alilazimika kuegemea jembe. Alikotoka yeye, mtu akipita shambani kwako akaona kosa, hupiga kelele kabla hata ya salamu, na usipomsikia huingia akalirekebisha mwenyewe. Axel naye alikuwa ametoka mahali ambapo kiwanja cha mtu ni kiwanja cha mtu. Miaka mitatu alikuwa ameumia moyoni kila alipoliona lile jembe, na hakufungua kinywa.

"Nilidhani ndivyo mnavyofanya kwenu," alisema kwa haya.

"Ndivyo tunavyofanya viazi!"

Axel alicheka, na ilikuwa mara ya kwanza Asteria kumsikia. Kisha, kama mtu aliyefunguliwa mfereji, alizungumza mchana kutwa. Airisi, alisema, hutaka mgongo wake uwe juu ya udongo na uote jua. Chini zikae nyuzi za mizizi tu. Ukiufunika mgongo, mmea hukaa kimya, na mwishowe huoza. Asteria alisikiliza, akauliza, akarudia kuuliza. Walipomaliza alimnyooshea kidole.

"Kuanzia leo, ukiona nimekosea, piga kelele. Mimi sitaumia."

"Nami nikikosea?"

"Wewe nitakupigia kelele hata usiponiruhusu."

Akapanda upya, juujuu, kama alivyofundishwa. Machipuko ya nne yalipokuja, vikonyo virefu vilisimama, vimebeba matumba yaliyojaa kama mishumaa iliyofungwa kitambaa. Kwaya nzima ilikuja kuyatazama. Kisha, mwishoni mwa Mei, wakati watu wameshatoa makoti yao kabatini kwenda sandukuni, baridi ilirudi kwa usiku mmoja. Asteria aliyajua matunguu sasa, lakini alikuwa ameiamini kalenda. Asubuhi matumba yote yalikuwa yamelegea, yana rangi ya chai. Madhabahuni yakawekwa maua ya dukani, na Mama Shalom, ambaye kwa kawaida hakukosa neno, siku ile hakusema kitu. Hilo lilimuuma Asteria kuliko mzaha wote.

Mazungumzo juu ya tuta hilo yalifanyika Machi iliyofuata, akina mama walipokutana kugawana matuta. Aliyesimama alikuwa Mama Shalom, na safari hii hakucheka.

"Mama Deo, mi nakuheshimu. Lakini kiwanja ni yetu sisi wote, na ile tuta ndiyo inapata jua. Watoto wetu wanakula mboga ya baridi, ya plastiki. Tupatane. Pentekoste ya mwaka huu, kama maua iko pa madhabahu, tuta ni ya maua, hakuna mtu ataongea tena. Kama haiko, kesho yake tunang'oa, tunaweka lengalenga. Bon?"

Wanawake walimtazama Asteria. Alijua kwamba mwenzake hakusema jambo la uonevu. Alijua pia kwamba hapatakuwa na mwaka mwingine.

"Tumepatana," alisema, na wakapeana mikono mbele ya watu.

Pentekoste ya mwaka ule iliangukia Juni, nalo lilikuwa jambo jema kwa airisi. Katikati ya Mei vikonyo vilisimama, na kufika mwisho wa mwezi matumba yalikuwa yamevimba hata rangi ilionekana kwenye ncha, mstari mwembamba wa divai hapa, wa moto pale. Asteria alikwenda kuyatazama kila siku. Mara hii hakuiamini kalenda. Alinunua kile kitambaa cheupe chepesi cha kufunikia mimea, akapata kipande kimoja tu, cha kutosha robo ya tuta; mwenye duka alimwambia kingine kitakuja wiki ijayo.

Jumamosi moja alasiri, kwaya ikiwa katikati ya mazoezi, simu ya Asteria ililia. Mwalimu Clement, mwongoza kwaya, alimkazia macho. Alikuwa mtu ambaye hakuwahi kuahirisha mazoezi hata siku ya theluji ya kufika kiunoni. Lakini Asteria aliona jina la Axel, na Axel hakuwahi kumpigia simu mtu.

"Asteria," ilisema ile sauti, "usiku wa chuma. Leo."

Ndivyo wenyeji wanavyouita usiku wa namna hiyo, ule unaokuja majani yakiwa yameshatoka na kuacha ardhi ngumu. Asteria alitazama nje. Anga lilikuwa limetakata, buluu tupu, na kwenye miti hapakuwa na jani lililotikisika. Alilijua anga hilo.

Alisimama akawaambia wenzake kwa maneno machache: sakitu inakuja, kitambaa hakitoshi, na jua likishazama itakuwa kazi bure kufunika, kwa maana kinachofunikwa ni joto la ardhi, na joto likishaondoka hakuna cha kufunika.

Macho yalimwendea Mwalimu Clement.

"Sauti ya pili bado mnavuta nyuma," alisema Mwalimu, akifunga kitabu chake. "Mnavuta kama watu wanaosukuma gari bovu. Lakini twendeni."

Watu walicheka wakaanza kutafuta mitandio yao. Katika hekaheka hiyo Mama Shalom alitundika mkoba begani, akatoka mlangoni bila kusema neno, akaelekea kituo cha treni. Belyse, mama wa Kirundi aliyeketi karibu yake, alimsindikiza kwa macho.

"Amekwenda kuota lengalenga yake," alisema.

Asteria alikuwa ameshafika mlangoni. Alikuwa anawaza ndoo.

Walipofika bustanini, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwagilia tuta. Wengine walishangaa, maji kwenye baridi, lakini Axel alikuwa amemfundisha kwamba udongo uliolowa hushika joto la mchana na kulitoa polepole, na udongo mkavu hulipoteza mara moja. Kisha wakatandaza kitambaa cheupe upande mmoja. Baada ya hapo zikaja khanga mbili, mtandio wa Belyse, shuka la kitanda kutoka nyumbani kwa Asteria, na koti la Mwalimu Clement, ambalo halikufaa kitu. Nusu ya tuta ilibaki wazi. Jua lilikuwa limeanza kugusa mapaa ya maghorofa. Kila mmoja alikuwa ameshahesabu kwamba Mama Shalom hayupo.

Ndipo teksi ilipoingia kwenye kijia cha changarawe, mahali ambapo magari hayaruhusiwi. Ndani alikuwa Mwamba, mume wa Mama Shalom, ameshika usukani kwa uso wa mtu aliyekubali kosa kabla hajakamatwa, na nyuma yake, viti vyote vilikuwa vimejaa marobota ya vitenge.

"Mama Deo!" Mama Shalom aliita akiwa hajashuka vizuri. "Kuya kunisaidia, mgongo yangu inakufa!"

Asteria alikimbia, kwa kadiri magoti yake yalivyomruhusu. "Mama Shalom! Nilidhani umekwenda kulala."

"Nilale? Baridi ikupige, halafu watu waseme Adrienne ameshinda? Apana. Mi niko nataka kukushinda mimi mwenyewe."

"Lakini hivi ni vya dukani. Vipya!"

"Ni nguo, dada yangu. Nguo inafuliwa. Shika huku!"

Vitenge vikafunguliwa, vya tausi, vya feni, vya mishumaa na majani ya kijani kibichi, na wanawake wakavitandaza juu ya tuta kwa kasi na vigelegele. Hapo ndipo sauti kubwa ilipopasuka kutoka ng'ambo ya uzio, sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia katika bustani zile.

"Kosa! Asteria, kosa!"

Alikuwa Axel, amekuwa mwekundu mpaka masikioni kwa aibu ya kupaza sauti, lakini amesimama imara. "Kitambaa kisiguse matumba," alisema, sasa kwa sauti ya kawaida. "Kikigusa, baridi inapita. Tena hicho ni kizito, kitavunja vikonyo."

"Asante!" Asteria aliitikia. "Hivyo ndivyo jirani anavyopiga kelele!"

Ilihitajika miti ya kuinulia kitambaa, na miti pale bustanini ilikuwa mahali pamoja tu: kwenye tuta la maharage la Mama Shalom, ambako alikuwa ameichomeka yote kwa ajili ya maharage ya kutambaa. Yalikuwa yameshachipua, na ncha zake zilikuwa zimeanza kuishika miti kama vidole vya mtoto. Mama Shalom aliitazama, akapumua. Halafu aliingia mwenyewe akaanza kuing'oa, mmoja mmoja, akifungua zile ncha taratibu na kuzilaza chini.

Asteria alimshika mkono. "Na maharage?"

"Maharage ni maharage."

"Baridi itayaua kabla ya maua. Airisi itapoteza matumba tu. Maharage yatakwisha kabisa."

"Najua, Mama Deo. Mi nimelima tangu mtoto."

"Basi mimi sitakubali. Sitaweka maua madhabahuni juu ya maharage ya mwenzangu." Akageuka. "Mwalimu! Ufunguo wa jiko la kanisa uko kwa nani?"

Ulikuwa kwa Mwalimu mwenyewe. Akaenda pamoja na Belyse na Mwamba kwa ile teksi, wakarudi na masufuria yote ya kanisa: masufuria ya pilau ya harusi ambayo hubebwa na watu wawili, ya ubwabwa wa misiba, ya chai ya mkesha, pamoja na ndoo, karai na mabeseni ya kuoshea vyombo. Kila mche wa haragwe uliopatikana ulifunikiwa chombo chake. Miti nayo ikachomekwa kuzunguka tuta la airisi, vitenge vikapandishwa juu yake, vikaning'inia hadi chini, na pindo zake zikakandamizwa kwa mawe. Jua lilipozama walirudi nyuma kutazama. Palikuwa na hema la rangi kumi na mbili katikati ya Stockholm, na kando yake jeshi la masufuria yaliyopinduliwa, yanameta.

"Mtu akipita hapa," alisema Mwalimu Clement, akivaa koti lake lililokuwa na udongo, "atadhani ni arusi ya watu waliofukuzwa."

Asubuhi, kabla ya ibada, walikutana tena. Nyasi zilikuwa nyeupe kutoka uzio hadi uzio. Maboga ya kiwanja cha jirani wa upande wa pili yalikuwa yamelala meusi. Vitenge vilikuwa vimeganda na kuwa vigumu kama mbao, na ukivigusa vililia. Mama Shalom alinyoosha mkono kuinua pindo.

"Ngoja," alisema Asteria.

"Ningoje nini? Niko nataka kuona!"

"Nami nataka. Lakini jua likiyapiga matumba ghafla na yameganda, yatapasuka. Ngoja nyasi ziwe majimaji."

Wakangoja. Axel aliwaletea chupa ya kahawa, akaipitisha juu ya uzio bila kuulizwa, na Asteria aliliona hilo. Mwalimu Clement aliwaanzishia wimbo ili kutopoteza muda, na sauti ya pili haikuvuta. Polepole weupe ulianza kutoka kwenye majani, ukawa umande, na vitenge vikalegea vikaanza kudondosha maji.

"Sasa," alisema Asteria.

Walivishika kila mmoja pembe yake, wakaviinua vyote pamoja. Chini yake hewa ilikuwa na uvuguvugu wa udongo. Vikonyo vilikuwa vimesimama, vibichi, na matumba yalikuwa magumu na yamejaa kama yalivyokuwa jana. Moja lilikuwa limefunguka kidogo, ulimi mmoja wa rangi ya divai ukining'inia. Kikonyo kimoja tu cha pembeni, ambapo kitambaa kilikuwa kimeteleza, ndicho kilichokuwa cheusi. Asteria alipita kutoka mwisho mmoja wa tuta hadi mwingine akigusa kila tumba kwa ncha ya kidole. Alipofika mwisho aliwageukia wenzake.

Mama Shalom ndiye aliyeanza. Alipiga kigelegele kirefu ambacho watu wa stesheni ya Rågsved bila shaka walikisikia, kisha akakimbilia masufuria yake. Haragwe la kwanza lilikuwa zima. La pili lilikuwa zima. "Amka, baba, amka, kumekucha!" aliyaambia, akipindua sufuria moja baada ya nyingine, na Mwamba akimpokea.

Siku ya Pentekoste kwaya ya Kiswahili iliingia kanisani ikiimba, na mbele yake akina mama walibeba airisi mikononi, zimechanua wazi, rangi ya divai na rangi ya moto, na harufu yake tamu ikatangulia hata nyimbo. Zilijaza vyombo vyote vya madhabahu, zikabaki nyingine za kuweka mlangoni. Wenyeji walisimama. Baada ya ibada mama mmoja wa Kisweden alikuja akauliza yamenunuliwa duka gani maua haya, na kabla Asteria hajafungua kinywa Mama Shalom alikuwa ameshafika katikati yao.

"Haikununuliwa," alijibu kwa Kisweden chake cha Tensta, ambacho huwa hakimwogopi mtu. "Ni yetu. Tumeilima sisi. Baridi ilikuja tukaifukuza."

Asteria alisikia neno "sisi" akalishika.

Walipokuwa wanaosha vikombe, Mama Shalom alimsogelea huku akijifuta mikono. "Bon, Mama Deo. Tuta ni yako. Hakuna mtu ataongea tena." Akashusha sauti. "Lakini pembeni pale, kamstari kamoja tu ka lengalenga..."

"Hapana."

"Kadogo!"

"Lengalenga hurefuka, hutupa kivuli. Airisi haitaki kivuli. Tulipatana mbele ya watu, Mama Shalom."

Mama Shalom alicheka mpaka akashika sinki. "Huyu mama!" aliwaambia wengine. "Nilimpa vitenge, nilimpa miti, na kamstari ananinyima!" Na Asteria naye akacheka, asimpe.

Mwezi wa Agosti ndio mwezi wa kugawa airisi. Jumamosi moja asubuhi, Asteria Tweve alilichimba tuta lote. Aliyagawa matunguu kwa kisu, akayatupa yaliyozeeka, akayapunguza majani ya yaliyo machanga, akayapanda tena juujuu mpaka kwenye ukingo wa pande zote, pasibaki nafasi hata ya kamstari. Yaliyozidi alimpa Axel. Kisha aliyamwagilia, akalifuta jembe kwa nyasi, akalirudisha bandani, akafunga mlango.